Taya la Osewe na Vibao vya Mutiso

Nimewapima watu wengi vinywa kuliko daktari yeyote wa Nairobi, na sikusomea. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, lakini kazi hii naijua. Chukua vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete. Vipange kimoja juu ya kingine kama ngazi, fungua kinywa, uvitie katikati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia vyote vitatu, nenda ukale nyama yako. Vikiingia viwili, anza kuuliza maswali. Kikiingia kimoja tu, wewe ni Osewe.

Osewe ni mtoto wa marehemu dada yangu Adero. Kwetu kule ziwani kaka wa mama huitwa nera, na nera si mtu mdogo: ndiye anayeruhusiwa kukutania mpaka ulie, na ndiye anayetangulizwa mbele siku ya kutafuta mke. Jina langu ni Okeyo. Lakini hapa Soweto West, Kibera, ukiuliza Okeyo utaonyeshwa watu tisa. Uliza Pengo, utaletwa mpaka mlangoni kwangu.

Pengo lenyewe ni hili la meno sita ya chini. Babu alinipeleka yakang'olewa nikiwa mtoto, jinsi Wajaluo walivyofanya zamani, nami ni miongoni mwa wa mwisho kijijini kwetu. Wenzangu walilia sana siku hiyo. Mimi nililia kiasi. Wazee walisema meno yale hutolewa ili mtu akishikwa na pepopunda, taya likijifunga, aweze kunyweshwa uji kupitia pale. Nilipofika Nairobi vijana wakanicheka, wakaniuliza kama nilipigwa na mwizi. Nikawaambia ngojeni. Sikujua ninachowaambia wangoje.

Osewe alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, mkoba mmoja, na sauti. Sauti ile nisiisifu sana mkasema najisifia ukoo, lakini naisifu. Nilimpeleka Soko la Toi, nikamshikisha kwa mwuza mitumba mmoja, na baada ya miezi sita alikuwa na meza yake ya jaketi. Belo, ule mzigo wa mitumba, likifunguliwa alikuwa anapanda juu ya stuli na kuita, "Kamera! Kamera! Ya kwanza haijaguswa!" Kamera ni zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo. Watu waliokuwa barabara ya Ngong, wakienda shughuli zao, walikuwa wanageuka. Mama mmoja aliniambia kijana wako angekuwa mhubiri tungeshajengewa kanisa la mawe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kukosea, na mimi sikosei mara nyingi.

Alipofika miaka ishirini na miwili, asubuhi zikawa mbaya. Nilikuwa nagonga kwake saa kumi na mbili tuende pamoja, nakuta mlango umefungwa. Ndani nasikia kitanda kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. "Osewe! Jua litakukuta na blanketi?" "Nakuja, nera." Anatoka baada ya saa nzima, amepinda kiunoni kama mtu anayetafuta sindano chini. Nikamwita mvivu, tena mbele ya majirani. Na ajabu ni kwamba ikifika saa nne, akishabeba mizigo yake, alikuwa amenyooka, anacheka. Jumapili, siku ya kupumzika, ndiyo aliyoumwa zaidi. Nani amewahi kusikia ugonjwa unaochukia mtu akipumzika? Nikasema huo si ugonjwa, ni tabia.

Kisha shingo. Ukimwita kutoka nyuma hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, mabega na miguu, taratibu, kama kabati linalosogezwa na watu wawili. Brandon, kijana wa meza ya pili pale Toi, akamwita Mheshimiwa. "Niaje, Mheshimiwa? Leo unatuona ama bado?" Jina likashika. Wateja wengine wakahama, wakisema yule anaringa.

Kisha jicho. Likawa jekundu, linauma, haliwezi mwanga wa jua. Mchungaji wetu akamwita pembeni akamwombea aache bangi. Osewe hajawahi kuvuta hata sigara. Alifumba macho akaombewa.

Hivyo ndivyo tulivyomfanyia. Mgongo tukauita uvivu, shingo tukaiita kiburi, jicho tukaliita bangi. Kila alipougua sisi tulikuwa na dhambi tayari ya kumpachika.

Taya lilikuja mwisho. Asubuhi lilimuuma hapa mbele ya sikio, likawa linalia ko, ko, akitafuna. Alianza kuacha mahindi ya kuchoma, akaacha nyama, akawa anamega ugali vipande vidogo kama anayelisha kuku. Pale kwenye stuli, "Kamera!" ikawa inatoka imebanwa, kama mtu anayeita akiwa ndani ya gunia. Nikamwambia, "Hilo ni jino la mwisho. Mimi mambo ya meno nimeyapitia, unajua." Nikampeleka kwa jamaa mmoja anayeng'oa meno uani, asiye na cheti wala kibao mlangoni, ila ana koleo na maneno mazuri. Kinywa kilikataa kufunguka. Jamaa akasema mshike kichwa. Nilimshika mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Akatolewa magego mawili. Nikayatazama mkononi mwa yule jamaa: meupe, mazima, hayana hata doa.

Wiki hiyo taya likafunga zaidi.

Aliyemwokoa hakuwa mimi. Alikuwa Nduku, fundi wa cherehani pale Toi, aliyekuwa akipunguza mikono ya zile jaketi. Walikuwa wamekaa pamoja Soweto West karibu mwaka, na Mitchelle, mtoto wao, alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Nduku hakuniuliza. Alifunga mtoto mgongoni akampeleka mume wake kwenye kliniki ya serikali, wakakutana na mhudumu mmoja mwanamke, Nelima. Nami niliwafuata, maana jambo kubwa haliwezi kufanyika bila mimi.

Nelima hakuanza na meno. Aliuliza, "Asubuhi mgongo unachukua muda gani kulegea?"

Osewe akamtazama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugenini. "Saa moja. Siku zingine mbili."

"Na ukifanya kazi?"

"Unapoa."

"Jicho limewahi kuwa jekundu?"

Nduku akaanza kulia hapo hapo, bila sauti, mtoto akiwa mgongoni. Mimi nikatazama bango la chanjo ukutani. Nilitazama bango lile kwa muda mrefu.

Walimtuma hospitali kubwa, akapigwa picha, akatolewa damu, akangoja miezi. Ugonjwa ukapata jina: baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kizungu chake ni kirefu kama treni, na mimi naweza kukitamka chote bila kupumua, lakini leo nawahurumia. Daktari alisema walinzi wa mwili wamekosea adui, wanashambulia viungo vya mgongo, na pale palipovimba mfupa huota na kushikana na mwenzake. Kwa baadhi ya wagonjwa hao taya nalo hushikwa. Watu hudhani taya ni mambo ya meno, alisema, kumbe ni kiungo kama goti, na hakuna anayekikumbuka mpaka kigome. Akapewa dawa, mazoezi ya mgongo na shingo ya kila siku, na onyo kwamba lililokwisha kushikana halirudi.

Na kwa ajili ya taya akapewa vijiti. Ni vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Unakanda shavu kwa kitambaa cha moto, unavipanga kimoja juu ya kingine, unaviweka katikati ya meno vingi kadiri vinavyoingia, unangoja dakika chache. Baada ya siku kadhaa unajaribu kuchomeka kimoja zaidi. Bila kulazimisha. Nelima ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyenifundisha vidole vitatu. Osewe alianza na vijiti saba. Baada ya mwaka alikuwa na nane. Vijiti vyenyewe vilikuwa vinalowa mate, vinachanika, vinamchoma ufizi.

Sasa anaingia Mutiso.

Mutiso ni baba yake Nduku, Mkamba wa Machakos, mchonga mbao. Ana kibanda hatua chache kutoka steji ya matatu ya Kawangware 56. Anachonga miko, bakuli, mipini ya nyundo, na vumbi la mbao halimtoki mikononi hata kanisani. Ni mtu wa maneno machache. Mimi watu wa aina hiyo huwa nawaonea huruma.

Kwa Wakamba, mke si mke mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Unaweza kukaa naye miaka ishirini, mzae darasa zima, bado ni mgeni wako. Na mtoto naye anahesabiwa wa kwao. Nduku alitaka jambo hilo liishe. Alisema, "Sitaki siku moja Mitchelle aulizwe ni wa nani nianze kutafuta jibu." Kwa hiyo mwezi wa tatu mimi na Osewe tulikwenda Kawangware kujitambulisha, tukapewa chai.

Na hapo nikasema neno. Nilikinyanyua kikombe, nikakinusa, nikasema, "Baba Nduku, chai hii haina kamuti kweli?" Kamuti ni ile dawa ambayo watu wasiojua lolote husema Wakamba huwatilia wageni kwenye chakula. Kila mtu Nairobi ameusikia utani huo. Walicheka. Muema, ndugu yake Mutiso, alicheka. Mutiso naye alicheka, midomo ikacheka, macho yakabaki yananitazama. Mimi nikahesabu kicheko, macho sikuyahesabu. Osewe hakugusa mandazi siku hiyo. Alikunywa chai. Hakuna aliyeuliza.

Ntheo ikapangwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Kwa kawaida mbuzi hao hupelekwa Ukambani, lakini Mutiso alisema nyumbani ni pale mtu anapolala, naye amelala Kawangware miaka thelathini. Wiki mbili kabla, Nduku akatuambia jambo. "Kwa baba kuna desturi. Nyama ikiiva anakata ubavu, anampa mkwe kwa mkono wake. Mkwe akimeza ndipo wengine wanakula. Hawezi kuukwepa."

"Tumwambie ukweli," Nduku akasema.

"Hapana," Osewe akasema.

"Kwa nini?"

"Mzazi gani anampa mgonjwa binti? Atauliza kama ni ugonjwa wa ukoo. Atauliza nitakuwa vipi nikiwa na miaka hamsini. Nitamjibu nini? Sijui."

Alipotoka Nduku, Osewe alibaki amekaa mlangoni kwangu. Akaniambia, polepole, maneno yakipita katikati ya meno, "Nera, lile pengo lako. Wazee walisema ni la nini?"

Nikamwambia. Uji wa pepopunda. Nikatia na chumvi kidogo kama kawaida yangu, nikamwonyesha jinsi ninavyoweza kunywa kwa mrija bila kufungua kinywa.

Hakucheka. "Haya ya mbele nikiyatoa, nyama si itapita?"

Nilimtazama. Ana meno mazuri yule kijana, ya mama yake kabisa. Na mnajua nini? Nilikaribia kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kumkumbuka yule jamaa wa koleo. Kisha nikayaona yale magego mawili, meupe, mazima, nikaificha mikono yangu chini ya mapaja.

"Usitoe kitu," nikasema. "Niachie mimi. Mimi nina mdomo unaotosha watu wawili."

Ndivyo nilivyoutunga ule uongo.

Jumamosi ilifika, saa saba mchana. Mbuzi walipokelewa, mmoja akachinjwa nyuma ya ploti, moshi ukajaa uani. Tuliketi chumbani kwa Mutiso, stuli na viti vya kuazima: Mutiso, Muema, Osewe na mimi. Mke wake Mutiso alikuwa nyuma ya pazia pamoja na Nduku, kwa heshima ya mkwe. Osewe alipewa soda, akaomba mrija, akanywa. Mimi nilizungumza. Nilisifu mbuzi, nikasifu nyumba, nikasifu ukoo wetu mpaka nikaufikisha mahali ambapo haujawahi kufika.

Nyama ikaletwa. Mutiso akanawa mikono, akakata ubavu, akamnyoshea Osewe.

Nikadakia. "Baba Nduku, tuwie radhi. Kijana amefunga. Siku ishirini na moja, na leo ni ya kumi na nne. Anaiombea ndoa hii hii."

"Amefunga," akasema Mutiso. Mkono wake ulikuwa bado hewani na ule ubavu.

"Siku ya mbuzi wake mwenyewe?" Muema akauliza. "Si angefunga Jumatatu?"

"Roho haina kalenda, mzee."

"Na soda?" akasema Mutiso.

"Soda?"

"Amekunywa soda. Nimemwona. Mnafunga na soda huko kwenu Kibera?"

Nikafungua kinywa. Mimi, ambaye nimewahi kumshawishi askari wa jiji anisaidie kubeba mzigo aliokuja kuukamata. "Ni funga ya... ya vitu vigumu."

Mutiso akaurudisha ubavu kwenye sinia. Aliuweka taratibu, kama anavyoweka kazi isiyokwisha.

"Pengo, mwezi wa tatu tulikupa chai hapa. Ulisema nini?"

"Nilikuwa natania, mzee."

"Sijauliza ulikuwa unafanya nini. Ulisema nini?"

"Nilisema... kama haina kamuti."

Nyuma ya pazia sufuria ilikuwa inakwanguliwa. Ikanyamaza.

"Mimi nimesikia utani huo miaka thelathini," akasema Mutiso. "Kazini. Kanisani. Msibani nimeusikia. Nacheka. Mtu akichoka kueleza, anacheka. Lakini huyu amekaa na binti yangu miaka mitatu. Ana mtoto naye. Leo anakunywa soda iliyofungwa kiwandani, na nyama niliyoikata mimi haigusi. Mwezi wa tatu pia alikunywa chai kidogo, chakula akakiacha. Nikasema labda ni haya. Kumbe mlikwisha kutuhukumu kabla ya kuja."

"Hapana, Baba Nduku..."

"Mbuzi aliyebaki mchukue mwende naye. Huyu aliyechinjwa nitamlipa. Nduku na mtoto watabaki hapa."

Nduku akatoka nyuma ya pazia. "Baba, si hivyo." Osewe akainua mkono, na Nduku akanyamaza.

Osewe akaanza kusimama. Kusimama kwake kutoka kwenye stuli fupi ni kazi: anaweka mikono kwenye magoti, anasukuma, anajinyoosha kipande kwa kipande. Hakuna aliyemsaidia. Akageuka mwili mzima kumwelekea Mutiso, na nikaona Mutiso anavyomtazama, nikajua anaona kile tulichokiona sote miaka yote ile, mtu anayeringa hata leo. Kisha Osewe akapiga magoti, kwa sababu shingo haiinami na hiyo ndiyo njia pekee ya kuufikisha uso wake mbele ya mzee aliyeketi. Akafungua kinywa mpaka mwisho. Akachomeka kidole kimoja katikati ya meno. Akaweka cha pili juu yake, akasukuma. Meno yakakikataa. Akasukuma tena, mishipa ikamtoka shingoni, machozi yakamlengalenga kwa nguvu ile.

"Inatosha," akasema Mutiso.

"Mwisho wake ni hapo, baba," Osewe akasema. "Si chakula chako. Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Taya, miaka miwili."

"Na shingo?"

"Sita. Saba."

"Nilidhani unaringa."

"Wote hudhani."

Mutiso akauliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utasema binti yako hukumlea aje awe muuguzi."

Mzee akamtazama Nduku, na Nduku hakuinamisha macho. Kisha akanigeukia mimi. "Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Ukaona ni afadhali uongo."

Nikakubali kwa kichwa. Andikeni tarehe.

"Nduku," Mutiso akasema, "mwambie mama yako anipe kisu changu cha kazi. Kikoshwe kwa maji ya moto."

Kikatoka nyuma ya pazia, kisu kifupi cha kuchongea, mpini wake umeng'aa kwa jasho la miaka. Mutiso akautwaa ule ubavu, akaugeuza, akatafuta nyuzi za nyama zinaelekea wapi jinsi anavyotazama mbao. Akaanza kukata kwa kuvuka nyuzi. Nyama ikatoka nyembamba kama maranda, inayopitisha mwanga. Akamnyoshea ya kwanza. Osewe akaipitisha katikati ya meno, akaisaga kidogo kwa ulimi, akameza.

Mutiso hakukata ya pili mpaka ya kwanza imeshuka.

Ubavu mmoja ulichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyegusa sinia. Mafuta yakaganda, ugali ukapoa, Muema akakunja mikono akatazama miguu yake. Nyuma ya pazia wanawake nao hawakula. Mimi njaa ilikuwa inaniuma na pengo langu linanicheka, na nilikaa kimya tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Sauti pekee ilikuwa ya kisu kwenye mfupa, na lile taya, ko, ko.

Ulipobaki mfupa mtupu, Mutiso akakipangusa kisu. "Sasa kuleni," akasema. Mbuzi aliyebaki hakurudi Kibera.

Sasa mnataka niwaambie Osewe alipona. Hakupona. Mgongo wa chini umeshikana, picha zinaonyesha. Asubuhi bado kitanda kinalia. Stuli ya Toi hapandi tena, Brandon ndiye anayemwitia wateja, kwa hiari yake, na jina la Mheshimiwa analitumia sasa kwa namna nyingine, "Ongea na Mheshimiwa bei." Mimi nami nimewapima vidole nusu ya soko. Kijana yeyote nikisikia mgongo wake unamkataa asubuhi na kumkubali mchana, namshika mkono mpaka kwa Nelima, apende asipende. Nimewapeleka wanne. Mmoja alikuwa na ugonjwa huo, watatu walinitukana.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya vibao. Wiki moja baada ya ntheo, Osewe alimwonyesha mkwewe vile vijiti vya hospitali. Mutiso akavipitisha kidole, akatoa kibanzi, akatema mate chini. Wiki iliyofuata alikuwa amechonga nane kutoka mzeituni pori, mbao isiyochanika ikilowa. Vyembamba, vimepigwa msasa mpaka vimekuwa laini kama ukucha wa mtoto, bila rangi wala vanishi. Kila kimoja kina alama ya kukihesabia pembeni. Osewe akavipeleka kwanza kwa Nelima, naye akavipima, akasema unene ni sawasawa na vya kwao, na kwamba vya kwao havina adabu kama hivi.

Tangu hapo Osewe huenda Kawangware Jumamosi moja kila mwezi. Wanaketi kibandani, Mutiso anampashia kitambaa juu ya jiko, wanapanga vibao. Kikiingia kimoja zaidi, mzee anachonga kinachofuata. Cha tisa kilichukua miezi miwili. Cha kumi, minne. Cha kumi na moja, karibu mwaka. Mutiso amezeeka humo humo, macho yanamsumbua, na siku hizi msasa anausikiliza kuliko kuutazama.

Cha kumi na mbili kilikataa. Miezi mitano kilikataa. Nilikuwapo Jumamosi ile iliyopita, nimekaa juu ya gogo, nikila njugu na kutoa ushauri. Osewe alijaribu, akatoa, akapumzika, akajaribu. Hakuna. Akavifuta vibao vyake, akatoka nje kunyoosha mgongo.

Mutiso akakitwaa kile cha kumi na mbili. Akakitia kwenye msasa, akakisugua upande mmoja, akakigeuza, akasugua upande wa pili, akakipima kwa ukucha, akasugua tena. Alipoinua macho akaniona namtazama. Akaendelea kusugua. Nami, mtu wa maneno kama nilivyo, nikatia njugu kinywani nikatafuna.

Osewe akarudi. Akavipanga vyote, akachomeka cha kumi na mbili katikati. Kikaingia. Alikaa navyo zile dakika zake, akavitoa, akakishika kile cha mwisho katikati ya vidole viwili. Huyu ni mtu wa nguo. Amezoea kujua kitambaa kwa kukigusa.

"Baba," akasema, "hiki ni chembamba."

"Ni cha kumi na mbili," akasema Mutiso.

Osewe akakitazama kidogo. Kisha akakiweka pamoja na wenzake, akavifunga kwa uzi.

"Sawa, baba," akasema. "Cha kumi na mbili."